Nafasi Kando ya Lodi Rauli

Jumanne hiyo haikuwa na neno. Mvua ya London ilichuruzika kama kawaida yake, na Severin, Mchaga wa Marangu anayetembeza wageni katika kanisa moja la kale, alikuwa akiwachekesha watu kwa gharama ya marehemu.

"Huyu ndiye Lodi Rauli," alisema, akilipiga kofi kaburi. Juu yake mkabaila wa jiwe alilala chali, mikono kifuani, mwaka wa mia saba huu. "Kaka yake kafa, matanga hayajaanuliwa, huyu bwana kang'oa mawe ya mpaka! Mjane akaambiwa shamba ni la shemeji tangu enzi za Adamu!"

Wageni wakacheka, wakaondoka. Kicheko kimoja kilichelewa. Kilitoka chini ya jiwe.

Severin akaondoa mkono kaburini. Kisa hicho alikijua kuliko alivyokisoma. Miaka saba nyuma alikwenda kumzika kaka yake Aminieli. Wiki hiyohiyo aling'oa masale, mimea ya mpaka ambayo Mchaga haigusi hata akiwa amelewa mbege, akaipanda ndani ya kihamba cha mjane, shamba lake la nyumbani, hadi karibu na mlango wake.

Simu ikaita. Alikuwa Marcelina, mjane mwenyewe.

"Shemeji, wazee wa ukoo wako hapa, wanakusikia. Neno lako ndilo la mwisho. Masale ya baba yalikuwa wapi? Kwenye mfereji, au hapa mlangoni kwangu?"

Akisema mlangoni, Marcelina na watoto wake wanahama leo.

"Yalikuwa..."

Baridi ikaingia. Jiwe likakwaruza jiwe. Lodi Rauli alikuwa amesogea pembeni. Amepisha nafasi. Nafasi ya mtu mmoja.

"Sema mlangoni," sauti ikanong'ona, kwa Kichaga cha Marangu. "Nimelala peke yangu mno."

Mguu wa kushoto ukafa ganzi. Ukapanda wenyewe juu ya kaburi.

"Shemeji? Upo?"

"Mfereji!" Severin alipiga yowe. "Kwenye mfereji, Marcelina! Niliyang'oa mimi. Kwa mikono hii. Nisamehe, shemeji."



"Tumesikia," Marcelina alisema. "Sote."

Nishma, Mhindi wa Moshi auzaye kadi mlangoni, akaja mbio. "Severin! Kelele gani hizi kanisani, bwana?"

Kisha akalitazama kaburi. Lodi Rauli alikuwa katikati, pale pale pa siku zote. Kando yake kulikuwa na kiatu cha jiwe. Si cha vita. Cha kamba, kisigino kimelika upande, fundo bado limekazwa.

"Hiki kilikuwapo jana?"

Severin aliinama, akatazama mguu wake wa kushoto.

Soksi tu, kiatu hakipo.