Nitoe Kwenye Mfumo Wako

"Nitoe kwenye mfumo wako. Leo hii, si kesho."

"Mke wangu..."

"Niite mteja. Nimepiga namba ya wateja."

Fundi akahamishia simu sikio la pili, utadhani huko angesikia maneno mengine. Tangu mkewe afungashe nguo na kuhamia kwa shangazi yake, leo ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake, na ndiyo hiyo inadai talaka ya kompyuta.

Kazi ya huyu bwana, kama hujui, ni kulinda vitu vya watu akiwa amekaa kitini. Vinyozi, madobi na waoka keki wanamlipa aangalie simu zao za kazi na mafaili yao yaliyoko mtandaoni. Simu ikiibwa, anaifunga kutoka hukohuko ofisini. Mafaili yakipotea, anayarudisha. Marafiki wanamtania, wanamwita Bwana Mawingu. Mkewe, fundi cherehani wa magauni ya harusi, ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza kabisa.

Meza ya pili, ambako sauti ya simu ilikuwa ikifika, dada yake, ambaye ndiye mshirika wake kazini, akaacha kutafuna bigijii.

"Ni wifi?" akanong'ona.

Fundi akatikisa kichwa kukubali.

"Usiharibu, kaka. Nakuomba."

Ofisi yao ina utaratibu: kifaa hakitoki kwenye mfumo mpaka mwenyewe awe kwenye simu na asome namba za siri. Waliuweka ili matapeli wasiwachezee. Leo Fundi aliushukuru kwa moyo wote, maana mkewe hakuweza kukata simu.

"Tuanze na tableti ya kaunta," akasema. "Nisomee namba."

Akasomewa. Akaandika kwa kidole kimoja.

"Unaandika polepole makusudi."

"Kompyuta nzito."

"Kompyuta yako haijawahi kuwa nzito. Mzito ni wewe."

Dada mtu akacheka kwa pua, kisha akajifanya anakohoa.

"Haya, imetoka. Picha za magauni nikuhamishie wapi?"

"Kwa kampuni yangu mpya. Nimekutumia anwani yao."

"Kampuni gani tena?"

"Hayakuhusu."

Likamchoma. Akafungua folda, akashuka nayo taratibu, gauni baada ya gauni, mpaka akafika chini kabisa, akaganda.

"Na za kwetu?"

"Zipi?"

"Za harusi yetu. Uliziweka humuhumu pamoja na za wateja."

Huko upande wa pili cherehani iliyokuwa ikisikika ikasimama.

"Nizifute?" Sauti ya Fundi ilikuwa imepungua hadi ya mgonjwa.

"Hamisha zote," mkewe akajibu. "Gauni lile nililishona mwenyewe."

Ikabaki simu ya mkononi ya mke. Kwenye skrini ilikuwa nukta ndogo ya kijani, na Fundi aliitazama kama mtu anayetazama chakula cha mwisho. Hiyo ikizimika, basi. Hatajua tena mkewe yuko wapi, ameamka au amelala, yuko salama au vipi.

"Kabla ya hii ya mwisho, nisikilize. Nipe nafasi moja tu."

"Nilikupa, ukaja nayo kwa mwalimu wa kinanda."

Hapo Fundi akafumba macho, na jamani, hata mimi ninayesimulia naona aibu. Aliona kila wiki simu ya mkewe inaingia jengo moja la wapangaji na kutulia humo saa nzima. Badala ya kuuliza, akamchukua shemeji yake awe shahidi, akapanda ngazi mbilimbili, akaugonga mlango kwa ngumi mpaka ukafunguka wenyewe. "Yuko wapi huyo mwanaume?" Ndani kulikuwa na wamama wanne na kinanda. Mkewe alikuwa kwenye kiti cha kinanda, vidole bado viko juu, akijifunza kitu alichokitamani tangu utotoni na akaona haya kumwambia mtu.

"Nilikuomba msamaha," Fundi akasema.

"Uliomba. Ukaapa mbele ya shangazi, siku ile nafungasha, kwamba hutaangalia tena niliko."

"Na sijaangalia."

Dada yake akageuza kiti, akamkazia macho.

"Rudia," mkewe akasema.

"Sijaangalia. Kweli tena."

"Lile toleo jipya la mfumo, uliposambaza kwa wateja wote, ulisoma linafanya nini?"

"Linaziba mianya ya wezi."

"Na nini kingine?"

Dada yake alikuwa ameshafungua maelezo kwenye kompyuta yake. Akasoma midomo ikicheza. Kisha akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Kaka," akasema kwa sauti ndogo, "mwenye simu anapewa taarifa."

"Umesikia?" mkewe akauliza. "Kila ukiniangalia, simu yangu inatetemeka. 'Fundi wako anaangalia kifaa hiki kilipo.' Niko sokoni, inatetemeka. Jana namvisha bibi harusi, pini mdomoni, inatetemeka. Umeangalia asubuhi, umeangalia mchana, na sasa hivi unaniapia!"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Toleo hilo alilisambaza kwa mkono wake mwenyewe, kwa haraka, bila kusoma.

"Basi nimekwisha," akasema.

"Ulikwisha siku nyingi. Lakini hujui kilichoniuma." Sauti ya mkewe ikaanza kukatika. "Siku ya kwanza nilitaka kuitupa simu jalalani. Siku ya pili nikasema, kumbe bado ananikumbuka, sasa hivi atapiga. Nikaiweka simu juu ya cherehani, nikangoja. Hukupiga. Kesho yake nikangoja tena. Nikashikwa na homa, nimelala kwa shangazi siwezi kuinuka, na simu inatetemeka tu kitandani. Ukaona niko nyumbani, ukaridhika. Nilikuwa naungua! Nukta yako haikukuambia?"

"Haikuniambia."

"Si ungeuliza!"

Machozi yakamtoka Fundi, na hakuyafuta. "Niliogopa ungenikatia simu."

"Ningekukatia! Halafu ungepiga tena. Mtu anayempenda mtu anapiga tena." Akavuta pumzi. "Andika. Namba ni hii."

Akasoma. Fundi akaandika. Kitufe kikatokea, naye akaitazama nukta kwanza.

"Bonyeza," mkewe akasema. "Ukinipenda, bonyeza."

Akabonyeza. Nukta ikazimika. Mkewe naye akakata simu.

Fundi akaishika skrini kwa mikono miwili, akatafuta pale ilipokuwa nukta, kama vile ingejitokeza kwa kuhurumiwa.

"Sijui aliko," akasema. "Dada, sijui aliko mke wangu."

"Karibu duniani. Wenzako wote tunaishi hivyo." Kisha dada mtu akalainika, akamsukumia simu mezani. "Si umeambiwa cha kufanya? Au unasubiri toleo jipya?"

Akapiga. Ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa. Akaona sasa anajidhalilisha, akapiga tena hivyohivyo.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mumeo."

"Unataka nini?"

Alikuwa na hotuba nzima kichwani, ikampotea yote.

"Homa imeisha?"

Upande wa pili ukasikika mkasi ukiwekwa mezani.

"Imeacha kikohozi."

"Umekwenda kupimwa?"

"Shangazi alinipeleka."

"Umekula leo?"

"Bado. Nina gauni la kumaliza." Akakohoa kidogo. "Mbona huniulizi niliko?"

"Nataka kukuuliza, ila usipopenda usiniambie. Nitapiga kesho nikuulize kikohozi."

Akasikia mkewe anapumua, kisha anacheka kile kicheko cha mtu aliyekuwa akilia.

"Nimekodi chumba cha kushonea," akasema. "Nyuma ya wachomelea mageti. Ukipita kwa muuza magodoro, kata kushoto, uliza fundi wa magauni. Njoo na kitu cha kula. Na usikie vizuri, sijasema nimerudi. Nimesema njoo."

Fundi akatoka mbio, simu akaiacha juu ya meza, na dada yake hakumwita nyuma. Njiani akanunua mkate na maziwa, akapotea kwa muuza magodoro, akakata kulia badala ya kushoto, akaishia kwenye ua wa watu wanaoanika nguo.

"Kijana, unatafuta nini humu?" mama mmoja akamuuliza.

"Mke wangu. Anashona magauni."

"Aa, yule mwenye kikohozi! Rudi ulikotoka, mlango wa pili."

Mlango wa pili ulikuwa wazi. Kutoka nje alimwona mkewe amempa mgongo, ameinama juu ya kitambaa cheupe. Hatua moja tu ingemfikisha. Akasimama, akahema, akagonga kwenye fremu kwa kidole.

"Nani?" mkewe akauliza bila kugeuka.

"Ni mimi. Naweza kuingia?"

Mkewe akaweka sindano chini, akageuka, akamwangalia na mkate wake kwapani.

"Ingia," akasema. "Vua viatu, gauni ni la mtu."