Lenzi ya Watu Wawili

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: umewahi kuona jicho likimwacha mwenyewe kitini, likaenda matembezini peke yake na kurudi na habari?

Tabora ya miaka hiyo lilikuwepo, na liliitwa jichotai. Ilikuwa lenzi yenye mabawa, haizidi kitumbua kwa ukubwa. Asubuhi ile, dukani kwa Masanilo, karibu na stesheni ya treni ya sumaku, jichotai moja lilinyanyuka mezani bila kelele, likatoka dirishani, likapaa mpaka kwenye mnara wa maji. Papo hapo picha ikajaa ukutani: mwewe ametua juu ya bomba, na unyoya wake mmoja mmoja unahesabika.

"Linamtafuta mnyama lenyewe, linachagua mwanga lenyewe, wala halitetemeki," alisema Wande. "Linafika mto Ugalla na kurudi. Wewe mama umekaa zako sebuleni na chai yako."

Wande ndiye mhandisi aliyelibuni. Alikuwa amemleta mama yake, Bi Kalunde, achague zawadi ya kustaafu. Bi Kalunde alishona sare za shule miaka thelathini na minane, na siku alipoifunika cherehani yake kwa kitambaa cha maua alisema sasa atajifunza kupiga picha za wanyama.

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Kalunde, na shukrani yake ilikuwa ya kweli. Binti huyu ndiye aliyemlipia matibabu ya macho mpaka akaliona tena tundu la sindano. Ndiyo maana ulimi ulikuwa mzito. Kila wiki Wande alimtumia picha zilizopigwa na jichotai huko mtoni, nzuri mno, lakini picha zilikuja zenyewe. Mtumaji mwenyewe alikuwa hajakanyaga nyumbani miezi mitatu. Bi Kalunde akilichukua jichotai, mto atautazama ukutani, peke yake. Akilikataa, atamvunja moyo aliyelitengeneza.

"Na zile?" aliuliza, akionyesha rafu ya nyuma.

Masanilo, mwenye duka, alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Zile, mayu, mama yetu? Za enzi za babu yangu! Kuzifuta vumbi tu ni kazi ya siku nzima."

Hata hivyo akazishusha mbili, akazilaza juu ya kipande cha blanketi. Ya kwanza ilikuwa fupi, ya kuvuta na kurudisha, nguvu yake kutoka milimita mia moja hadi mia nne. "Hii ndiyo ya anayeanza," alieleza. "Nyepesi. Tembo akisogea karibu, unairudisha. Ndege akienda mbali, unaivuta." Ya pili ilikuwa ndefu kama mchi, milimita mia sita, haivutiki wala hairudi. Bi Kalunde aliinyanyua kwa mikono miwili, akaisikia mpaka mabegani.

"Hiyo sikushauri," alisema Masanilo. "Inaona mbali, lakini inaona padogo. Ni kama kuchungulia uwanja kupitia tundu la kifungo. Mgeni wa kazi hii anahangaika, ndege yuko kule, yeye anapiga picha ya mawingu. Zamani watu walikwenda nayo wawili. Mmoja yuko kwenye lenzi, mwingine anatazama kwa macho makavu na kumwelekeza."

Bi Kalunde hakuirudisha mezani. "Nipe hii," alisema.

"Mama!" Wande alishika kiuno. "Hii fupi ningekuelewa. Lakini hiyo? Utaibeba na nani?"

Bi Kalunde alipapasa pete ya chuma kwenye shingo ya lenzi, kama apimavyo upindo wa kola.

"Aijaribu kwanza," alisema Masanilo, mtu wa kupatanisha. Akaifunga lenzi kwenye kamera, akaiweka juu ya stendi ya miguu mitatu pale barazani. Mwewe alikuwa bado yuko mnarani.

Bi Kalunde akainama. Akaona buluu tupu. Akasogeza, akaona bati. Akasogeza tena, akaona kitu cheusi, kumbe ni waya. "Ametoroka huyu!"

"Hajatoroka, mama. Umempita," alisema Wande, bado amenuna. "Kushoto kidogo."

"Wapi?"

"Kushoto. Kidogo, nimesema! Sasa panda. Panda... hapo hapo, usitikisike!"

Jicho la mwewe likajaa kwenye kioo, la manjano, likimtazama. Bi Kalunde akabana pumzi kama mtu anayetunga uzi, akabonyeza. Picha ilitoka imepinda, mkia umekatwa, nusu yake ni bomba.

"Nione na mimi!" Wande alimsukuma kwa bega. "Sogea, mama, umeshashiba!"

Neno hilo likawarudisha wote wawili nyuma miaka mingi. Ndilo Wande alilokuwa akilisema akiwa na miaka saba, ukingoni mwa Ugalla, walipokuwa na darubini moja iliyopasuka kioo kimoja, wakipokonyana ili kumtazama korongo nyangumi, yule ndege wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Siku hizo ukingo ule ulikuwa na mabenchi, na watu walikaa wakielekezana. Tangu majichotai yaanze kuruka, hakuna aliyekwenda kukaa. Wande alilijua hilo. Picha za jichotai zilimwonyesha mabenchi yameota majani, naye akayaona kuwa mandhari tu.

Jichotai lilirejea, likatua begani kwake kama njiwa. Akalizima, akalitia mfukoni.

"Mama," alisema polepole, "ulitaka nini hasa?"

Bi Kalunde aliitazama ile picha iliyopinda kama mtu aliyepewa shamba.

"Nashukuru kwa yote, mwanangu, na hilo jicho lako Mungu alibariki. Mimi nilitaka twende mtoni wote wawili, na wewe uniambie kushoto kidogo."