Picha Iliyogeuzwa

Lori la Isuzu lililobeba dawa lilipita Kamukuywa bila kupunguza mwendo.

Nyuma yake, Subaru ya mpelelezi Nakhungu.

Redio ya Motorola ikakoroma. Alikuwa Kiplimo, mkuu wake, kutoka Kitale.

"Rudi. Dakta Khisa ameshaipitisha hiyo dawa. Picha zinaonyesha bakteria wamekufa."

"Programu inasema picha ni ya uongo."

"Programu! Si Phelista wako amelazwa Bungoma na homa ya matumbo, anangoja dawa hii hii?"

"Dada yangu najua aliko."

Alizima redio.

Programu ilikuwa ndani ya kompyuta ya Toshiba, kwenye kiti cha abiria. Ilisoma picha za darubini, ikapima urefu wa kila bakteria. Khisa, mkuu wa maabara, alileta picha mbili: ya dawa halisi na ya shehena hii. Kwa macho, hazikufanana. Kwa vipimo, zililingana bakteria kwa bakteria.

Picha ilikuwa moja, imegeuzwa juu chini. Bakteria aliyegeuzwa harefuki wala hafupiki.

Kanduyi, alilipita lori.

Kwenye lango la hospitali ya Bungoma alisimamisha Subaru, akaziba njia. Breki za lori zikalia. Muuguzi Joan alikuja mbio.

"Madam, wacha dawa ipite! Wadi imejaa!"

Khisa, aliyekuwa ameketi kando ya dereva, aliruka kutoka kwenye lori. "Ati unazuia dawa? Wewe Nakhungu, uko sawa kweli?"

"Shehena hii uliijaribu?"

"Si uliona picha?"

"Niliona moja, mara mbili."

Mkono wa Khisa ulielekea kotini. Bastola ya Nakhungu, Ceska, ilitangulia.

"Mimi naendesha tu, bana!" dereva alilia.

"Sikuijaribu," Khisa alisema polepole. "Ningejaribu nini? Ni wanga mtupu. Lakini wagonjwa wangekuwa na matumaini. Sasa utampa dada yako nini?"

 Nakhungu alimfunga pingu, akawasha redio.

"Kiplimo, shehena imezuiwa. Tafuta dawa halisi Eldoret, sasa hivi."

"Itafika jioni. Phelista atafika jioni?"

"Sijui."

Joan alikuwa akilia. "Wananiuliza dawa iko wapi. Niwaambie nini?"

"Ukweli. Wa kwanza, dada yangu, nitamwambia mimi."

Alirudisha bastola kiunoni, akanyoosha koti, akaelekea wadini kwa mwendo wake wa kawaida.