Picha Tano Bila Flashi

Kama unakula, weka sahani kando kwanza. Usije ukasema hukuonywa.

Mativo alikuwa mpiga picha wa Kayole, na mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko lenzi yake. Jioni hiyo, jua likizama nyuma ya maghorofa, aliingia Makongeni na kamera begani huku akipiga mluzi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Dada yake Jacklyne alikuwa na mtoto wa miezi mitano, Ndindi, aliyepewa jina la nyanya wa mume wa Jacklyne. Nyanya huyo, ambaye wote walimwita Susu, alikuwa amelala kitandani huko Makongeni mwezi mzima bila kutoa neno. Familia ilitaka picha moja ya Susu na wajina wake kabla bibi hajaenda zake. Mume wa Jacklyne alikuwa safarini na lori, kwa hiyo shemeji mtu akaitwa.

"Umechelewa," Jacklyne akamwambia mlangoni, mtoto begani.

"Msanii hachelewi, sis. Nyinyi ndio huwahi sana."

"Wacha mdomo. Susu hataki flashi. Baba mkwe anasema inamuumiza macho."

"Flashi ya nini? Hii mashine inaona gizani kuliko paka wenu. Ikikataa, kiza nitakiinua kwa kompyuta."

Wakaingia. Na harufu ikawapokea.

Haikuwa harufu ya ugonjwa. Ilikuwa ya matumbo ya mbuzi yaliyosahaulika ndani ya karatasi ya nailoni siku tatu, halafu mtu akayamwagia poda ya mtoto juu ili wageni wasijue. Ilimshika Mativo kwenye ulimi. Alipomeza mate, yalikuwa na ladha.

Kando ya mlango aliketi mzee Wathome, mwana wa Susu na baba mkwe wa Jacklyne, karani mstaafu wa reli. Alikuwa ameziba pua kwa leso na hakuinua macho.

"Piga moja uende, kijana," akanong'ona. "Moja tu."

"Moja? Mzee, mimi hupiga mpaka itoke safi. Jina langu liko hapo."

Susu alikuwa ameegemezwa mito. Ngozi ya uso wake ilikuwa kama ule utando wa chai ya maziwa iliyopoa. Akigeuza shingo, ngozi inateleza kwanza, halafu nyama inafuata nyuma. Pembe za mdomo zilikuwa na kitu cheupe kilichoganda. Kucha zake zilikuwa nene, za manjano, zimejikunja. Jacklyne alimweka mtoto kando yake, na mkono wa kulia wa Susu ukatambaa polepole juu ya blanketi, ukaushika mkono wa kulia wa Ndindi.

Ukaushika vizuri.

Chumba kilikuwa na balbu moja ya bei rahisi, dhaifu kama mshumaa. Mativo akapandisha ISO, nguvu ya kamera kuhisi mwanga, hadi mwisho. Wenye kazi hiyo wanajua hasara yake. Ukiilazimisha kamera ione mahali hakuna mwanga wa kutosha, inaanza kuona mambo yake yenyewe. Picha inajaa chengachenga, punje punje, kama mtu ameimwagia mchanga.

Kacha.

Akaangalia kioo cha nyuma cha kamera. Uso wa Susu ulikuwa umejaa punje. Na mistari mitatu myeusi ilikata picha, imelala kama kamba za kuanikia nguo.

Mativo akacheka. Balbu hiyo! Balbu za bei rahisi huwaka na kuzima upesi sana. Jicho halioni, lakini kamera inaona, na inachora mistari. Dawa yake ni kupunguza kasi ya kamera. Akapunguza.

Kacha.

Mistari ilikuwa pale pale. Lakini mistari ya balbu hukata picha nzima, ukutani, kwa pazia, kila mahali. Ukuta huu ulikuwa safi. Mistari hii ilianzia kwenye mkono wa nguo ya Susu... na kuishia kwenye kiwiko cha mtoto.

Mtu mwenye akili angefunga begi. Mativo alikuwa na jina la kulinda.

Kacha.

Uso wa Susu ulikuwa umeanza kutakata. Punje zilikuwa zimepungua kabisa. Kamera yangu nzuri, Mativo akajisifu moyoni.

Kacha.

"Endelea, mwanangu," Susu akasema.

Jacklyne akaruka. "Ameongea! Baba, Susu ameongea!"

Leso ya Wathome ilikuwa imefunika uso wote sasa.

"Endelea," Susu akarudia, na akalamba kile kitu cheupe pembeni mwa mdomo. "Bado kidogo."

Kacha.

Ya tano. Susu alitoka laini kama msichana wa tangazo la sabuni. Mtoto ndiye alikuwa amejaa chengachenga. Mativo akavuta picha karibu. Akavuta tena.

Hazikuwa chengachenga.

Kila punje ilikuwa nyeupe, nene, na nukta nyeusi kichwani. Funza. Zilipanga foleni kwenye ile mistari, moja nyuma ya nyingine, kutoka kwa bibi kwenda kwa mtoto.

Akainua macho kutoka kwa kioo. Kitandani hakukuonekana kitu. Ila Ndindi alikuwa amenyamaza, macho yamepinduka yakabaki meupe. Na ile harufu... sasa ilikuwa inatoka kwake.

"Jacklyne. Mtoe mtoto."

"Nini?"

"Mtoe! Anakufa!"

Jacklyne akamvuta. Mtoto akaja. Mkono haukuja. Akavuta tena akilia, na ngozi ya kifundo ikatanuka kama ubani uliotafunwa.

Mativo alikuwa na makelele mengi na elimu kidogo, lakini kazi yake aliijua. Chengachenga hukaa mahali mwanga haujatosha. Ipe picha mwanga wake kamili, hazina pa kukaa. Akaipachika flashi, akaifungua nguvu zote.

"Usiniwashie," Susu akasema. Haikuwa sauti ya mgonjwa. Ilikuwa nyororo, changa. "Shemeji, tafadhali."

Pwaa!

Katika ule weupe, wote waliona. Mikono miwili ilikuwa imekuwa nyama moja, haina mpaka, kama unga uliokandwa, na juu yake lilitambaa jeshi zima la funza. Susu akapiga yowe. Mikono ikaachana kwa sauti ya mguu unaochomolewa matopeni.

Ndindi akatapika. Kijiko kizima cha zile punje nyeupe, kifuani mwa mamake. Zilikuwa zinatembea. Jacklyne akazipangusa kwa kiganja, zikapasuka katikati ya vidole vyake, zikiwa vuguvugu.

Wakakimbia.

Wathome aliwafikia barabarani akihema. "Umepiga ngapi?"

"Tano. Ya sita ndiyo ya flashi."

"Binti yangu alipigwa picha saba," mzee akasema. "Naye aliitwa Ndindi. Wakati wa kamera za filamu. Mama akainuka kesho yake, akapika mwenyewe."

"Na mtoto?"

Mzee akapangusa mdomo.

Jacklyne akamkazia macho. "Baba. Ni wewe uliyeng'ang'ania jina hilo."

"Ni mama yangu," Wathome akasema. Akarudi ndani.

Susu alikufa alfajiri. Wathome alipiga simu mara moja tu, akaeleza. Wanawake waliokwenda kuosha maiti walikuwa wametoka mbio. Mkono wa kulia ulikuwa laini, mnono, una vishimo kwenye vifundo, na kucha ndogo kama mchele. Waliufunga kitambaa ili waombolezaji wasiuone.

Nyumbani kwake Tassia, Jacklyne alikuwa ameshauona ule mwingine. Ndindi alinyonya vizuri, alicheka, alinenepa. Ila mkono wake wa kulia, wa ukubwa ule ule wa mtoto, ulikuwa na ngozi ya utando wa chai na kucha za manjano zilizojikunja. Na ulinuka. Daktari wa kliniki aliushika kwa glavu, akaandika dawa ya kupaka. Jacklyne akauvalisha soksi.

"Wanazika lini?" Mativo akauliza.

"Jumamosi, Machakos." Jacklyne akaikaza soksi ya mtoto. "Ule mkono kwenye jeneza ni wa mtoto wangu, Mativo. Wanauzika mkono wa mtoto wangu."

Mativo akajaribu simu ya Wathome. Ilikuwa imezimwa. Ikabaki imezimwa.

Jumamosi saa nane, jua likiwaka, Jacklyne alikuwa akimwogesha Ndindi kwenye beseni, Mativo ameshika taulo. Mtoto akashtuka. Mkono ule ukawa baridi ghafla, ukajikunja ngumi. Ulipofunguka, chini ya kucha zote tano, polepole, uliingia udongo mwekundu.

Jacklyne huutoa kwa kijiti kila asubuhi. Ikifika jioni umejaa tena. Juzi, chini ya kidole gumba, kijiti kilitoka na kitu kirefu cheupe. Kilijikunja.

Soksi anaifunga kwa uzi siku hizi, lakini Ndindi ameshajifunza kuivua. Akiivua hucheka, halafu anaupeleka ule mkono mdomoni na kuunyonya, kama watoto wote.