Nyumba ya Juu, Upande wa Mlima

Susana alijua kuhama kuliko alivyojua kupumzika. Tangu aolewe na Nathanaeli alikuwa amehama mara saba. Mara mwenye nyumba anataka kumweka mwanawe. Mara kodi imepanda. Mara mke wa mwenye nyumba hapendi harufu ya ndizi mbivu. Na ndizi ndizo zilizomlisha Susana! Kila alfajiri alizipokea kutoka kwa wakulima wa Meru, akaziuza soko la Kilombero, mjini Arusha, mpaka jioni. Mumewe alikuwa fundi seremala, mpole, mwenye kiburi kidogo.

Mwaka 2002 walikuwa wamepanga Ngarenaro, katika jengo la ghorofa moja lenye nyumba nne. Kila nyumba ilikuwa na vyumba viwili, jiko na choo chake. Chini iliishi familia ya Kisomali, iliyopika chai ya iliki kutwa. Jirani yao alikuwa Nalepo, binti wa Kimaasai, karani wa ofisi ya ardhi. Juu aliishi Hanna, mwalimu kutoka Mbulu, na upande unaotazama mlima aliishi Susana. Watu hawa waliazimana chumvi, waligombania kamba ya kuanikia nguo, na waliuguziana watoto. Susana alipapenda mahali hapo mpaka akaogopa kupapenda.

Jumapili moja mwenye jengo, Sylvanus, mfanyabiashara wa Machame, alipanda ngazi akiwa na suti ya kanisani.

"Baba Brayson," alimwambia Nathanaeli, "siku hizi biashara imefunguliwa. Nataka lori. Nyumba hizi nitauza moja moja. Nyinyi mnakaa humu, nimeona niwaambie kwanza."

Nathanaeli hakuuliza hata swali moja. Alisimama, wakashikana mikono. Walipanga kukutana Jumamosi, na wazee waje kushuhudia.

Mgeni alipoondoka, Susana aliruka kwa furaha. Kisha akauliza, "Na siku hiyo mimi nitaketi wapi?"

"Wewe? Utakuwa jikoni, mama Brayson. Mauziano ni ya wanaume. Baba alinunua shamba lake kule Poli hivyo hivyo. Wazee walikuwepo, majirani walikuwepo, mbege ikanywewa, masale yakapandwa mpakani. Mpaka leo hakuna aliyeligusa."

"Na hapa ghorofani masale utayapanda wapi? Kwenye ngazi?"

 Nathanaeli akaomba maji ya kunywa.

Alhamisi Susana alikuwa akifua nguo uani. Nalepo alitoka kazini, akamsalimu.

"Shikamoo mama Brayson. Nasikia mnanunua."

"Marahaba mwanangu. Jumamosi tunalipa."

"Hongereni sana. Hati mmeiona?"

"Hati ya nini? Sylvanus tunamjua. Tumemlipa kodi miaka minne."

Nalepo akaweka mkoba wake chini. "Mama, kupokea kodi hakumfanyi mtu awe mmiliki. Hata msimamizi hupokea kodi. Mmiliki ni yule aliyeandikwa kwa msajili wa hati. Huenda ni yeye, huenda yuko na mwingine. Huenda hati imewekwa benki kwa ajili ya mkopo. Nendeni na namba ya kiwanja, mlipe ada, daftari lifunguliwe, muone wenyewe. Mjue kwanza, mlipe baadaye."

Susana alipanda ngazi na povu mikononi. Alimweleza mumewe yote.

"Nikampeleleze mtu niliyeshikana naye mkono?" Nathanaeli alikasirika. "Unataka nionekane mtu wa namna gani?"

"Uonekane mtu mwenye nyumba. Baba Brayson, nusu ya fedha tulizoweka akiba ni mbao zako. Nusu ni ndizi zangu. Nusu yangu haitoki humu mpaka nione hati."

Hakuwa amewahi kumjibu mumewe namna ile. Nathanaeli alitoka nje bila kuaga. Alizunguka jengo mara mbili, kisha akarudi mlangoni.

"Hiyo ofisi," alisema, "inafunguliwa saa ngapi?"

Ijumaa walikwenda. Mtumishi wa msajili alifungua daftari kubwa, akateremsha kidole. Hati haikuwa benki. Lakini wamiliki walikuwa wawili: Sylvanus na mkewe, Hope, anayeuza vitenge Moshi mjini.

"Mmoja akiuza peke yake inakuwaje?" Susana aliuliza.

"Hiyo biashara haisimami, mama. Wa pili anaweza kuja kuipinga, nanyi mmeshalipa."

Nathanaeli alikaa kwenye benchi. "Kumbe nilikuwa nanunua matatizo," alisema taratibu, na Susana alimhurumia. Hakumcheka, ingawa nafasi alikuwa nayo.

Jumamosi ilifika. Mzee Solomoni, mzee wa ukoo wa Nathanaeli, alishuka kutoka Poli na wazee wenzake na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi. Sylvanus alikuja peke yake. Susana alipakua chakula, akanawisha wageni mikono. Badala ya kurudi jikoni, akavuta kigoda akaketi.

Wageni wakaacha kula.

"Shemeji Sylvanus," alisema, "dada Hope yuko wapi?"

"Yuko Moshi na vitenge vyake. Mambo haya hayamhusu."

"Yanamhusu. Jina lake liko kwenye hati."

Mzee Solomoni aliweka kibuyu chini. "Nathanaeli! Tangu lini mwanamke anauliza maswali kwenye mauziano?"

 Susana alijua mumewe akimwambia ainuke, atainuka, na nyumba itakwenda. Nathanaeli alijikuna shingo, akamtazama mzee usoni.

"Nisamehe, mzee wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwomba aulize."

Hakuwa amemwomba. Susana alitazama sakafu, maana alikuwa anataka kulia kwa furaha mbele ya watu.

Sylvanus alifuta jasho. Hakuwa mwizi. Alikuwa mwanamume aliyezoea kuamua peke yake, basi. "Sikumwambia," alikiri. "Niliona nitamweleza lori likishafika."

Wakamwita Nalepo. Aliwasalimu wazee kwa adabu, kisha akawaeleza bila kumdhihaki mtu. "Ushahidi wenu ni mzuri, wazee wangu. Lakini shahidi huzeeka na kufa. Maandishi hubaki. Waitwe wamiliki wote wawili. Waende kwa wakili, waandike mkataba. Jengo hili lina hati moja, kwa hiyo wanunuzi waingizwe kwenye hati hiyo, na sehemu yao itajwe wazi: nyumba ya juu, upande wa mlima. Ngazi, uwanja na tangi la maji viandikwe kuwa ni vya wote. Fedha zipitie benki, mpate risiti."

Mzee Solomoni akakitazama kibuyu. "Na mbege hii?"

"Mbege mnywe tu, mzee," Nalepo alijibu. "Ila msitie saini leo." Wazee wakaangua kicheko.

Wiki iliyofuata Hope alifika, mama mnene mwenye sauti ya sokoni. "Sikatai kuuza," alimwambia mumewe mbele ya wakili. "Nakataa kusikia habari za nyumba yangu kwa watu wa njiani. Ungeuza kimya kimya, hawa ningewatoa asubuhi yake, na wewe ungelala kwenye hilo lori." Kisha akamgeukia Nathanaeli. "Na wewe, baba. Mkeo ameandikwa?"

"Ameandikwa," alisema Nathanaeli, "tena wa kwanza."

Wote wanne walitia saini. Fedha zikaenda benki. Maombi ya kuhamisha umiliki yakapelekwa ofisi ya ardhi, ada na kodi zikalipwa. Walisubiri miezi mitano, na Susana alikuwa akiulizia kila wiki. Mwishowe hati ikatoka ikiwa na majina yao.

Mwaka mmoja ukapita. Jioni moja Susana alikuwa peke yake akimenya ndizi. Mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa Ndesanjo, mdogo wake Sylvanus, akiwa na vijana wawili wenye vifua vipana.

"Nyumba hii ni ya ukoo," alisema. "Kaka aliuza mimi sikuketi. Mbege yake sikuionja. Nawapa mwezi mmoja mhame."

Kuhama! Neno hilo Susana alilijua vizuri mno. Lakini hakutafuta maboksi. Alinawa mikono, akaingia chumbani, akarudi na nakala za hati na mkataba.

"Soma, shemeji. Ukiona jina lako popote, nionyeshe nianze kufunga mizigo."

Ndesanjo alisoma. Akageuza karatasi. Akasoma jina la Susana, la Nathanaeli, muhuri, saini ya kaka yake, saini ya Hope.  Majirani walikuwa wamejaa kwenye ngazi: Hanna, Nalepo, mama wa Kisomali na mwiko wake.

"Nilidhani mliuziana kwa maneno," alisema Ndesanjo hatimaye.

"Tulitaka kufanya hivyo," Susana alijibu. "Tukafundishwa."

Ndesanjo akamrudishia nakala zake kwa mikono miwili, akaomba radhi. Vijana wake walishatangulia. Vigelegele vya majirani vikapanda mpaka paani.

Jioni ile kuna mtu aliyeshuka zile ngazi akaenda zake, na safari hii hakuwa Susana.