Siku Kumi Zilizofutwa Sendeni

Zama zile mji wa Sendeni ulipokuwa ukishindana na mji wa Mwambakuu kwa pembe za ndovu na ambari, kabla bunduki hazijajulikana katika pwani hiyo, palikuwa na mtu mmoja bandarini ambaye neno lake lilitiiwa upesi kuliko neno la mfalme. Aliitwa Lali wa Kae. Hakuwa shujaa, nalisema hilo mapema ili msomaji asije akamngoja achomoe upanga. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwembamba, mpenda kanzu safi na mpenda zaidi kusalimiwa kwanza, na kazi yake ilikuwa kuhesabu siku.

Najua watu watacheka: kuhesabu siku nayo ni kazi? Huko Sendeni ilikuwa kazi ya kufa na kupona. Bandari yao ilizungukwa na mwamba mrefu wa matumbawe, na vyombo vilitoka kwa upenyo mmoja tu, waliouita Lango. Tangu Siku ya Mwaka hadi siku ya mia mbili na sitini Lango lilipitika. Baada ya hapo upepo wa kusi ulikuja na ghadhabu zake, ukaisukuma bahari juu ya mwamba kwa miezi mitatu, na chombo kilichokutwa nje hakikurudi. Kwa hiyo siku hiyo ya mia mbili na sitini kamba nene ya makumbi ya nazi ilivutwa ikakata Lango, na bahari ikahesabiwa kuwa imefungwa.

Lali alikuwa na ubao wa mvule wenye matundu mia tatu sitini na matano, na kijiti kimoja cha pembe. Kila alfajiri alikisogeza kijiti tundu moja, akapanda ukuta wa bandari, akaita siku kwa sauti iliyofika hadi chombo cha mwisho. Manahodha hawakuhesabu wenyewe, wala babu zao hawakuhesabu. Waliisikia siku, kisha wakaamua kutweka tanga au kurudi kulala.

Basi siku ya mia moja sabini na nane akafa Fumo Sadiki, mfalme mkongwe, kwa kikohozi kilichomsumbua miaka mingi. Mwanawe, Fumo Aziri, alimlilia kwelikweli, hilo siwezi kumnyima. Kwa desturi ya Sendeni siku kumi za msiba wa mfalme hazikuwa siku: hapakukatwa kesi, hapakufungwa ndoa, soko lilikaa kimya. Lakini ubao wa Lali haukuwahi kuguswa na desturi hiyo. Wafalme saba walikuwa wamekufa na kijiti kikaendelea kutembea. Sasa Fumo Aziri, macho yamemvimba, alikuja bandarini kwa miguu yake na kukichomoa kijiti kwa mkono wake.

"Siku asizokuwapo baba yangu si siku," alisema. "Hakuna atakayezihesabu."

Lali alifungua mdomo. Aliwatazama walinzi na mikuki yao.

"Ewallah, bwana wangu."

Alijiambia kwamba kijiti kikisharudi atakisogeza matundu kumi kwa siri, na mambo yatakwisha. Lakini siku ya kumi ilipotimia, Fumo Aziri alikirudisha mbele ya mji mzima, ngoma zikilia, katika tundu lile lile la mia moja sabini na nane, na watu wakabubujikwa na machozi kwa heshima aliyopewa marehemu. Kesho yake Lali angewezaje kuita siku ya mia moja themanini na tisa, na mji wote umeona kijiti kilipo? Aliita mia moja sabini na tisa. Hapo ndipo yalipoanza.

Sauti yake ilipokwisha kuvuma juu ya maji, sauti nyingine ilijibu kutoka bandarini, taratibu, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Mia moja themanini na tisa."

Kisha kikafuata kikohozi. Lali aligeuka. Mabaharia walikuwa wakikunja kamba zao, mmoja akipiga miayo. Hakuna aliyesikia kitu.

Ikawa hivyo kila alfajiri. Yeye aliita siku yake, na marehemu akaitaja ya kweli, siku kumi mbele, bila hasira, kama mtu anayemsahihisha karani mzembe. Lali alifukiza udi, akasoma dua hadi koo likamkauka, akajaribu hata kuziba masikio kwa pamba. Pamba haikusaidia, kwa kuwa marehemu hakuwa akisemea masikioni. Alikonda. Kanzu zake nzuri zikaanza kumpwaya, na watu walipomsalimu kwanza hakuitikia.

Bahari nayo haikungoja kijiti. Mwani ulianza kutupwa pwani mapema, na wavuvi wakaguna kwamba mwaka huu maji yana haraka. Waliguna tu. Siku iliyoitwa ukutani ndiyo iliyokuwa siku, na ambaye angebishana nayo angechekwa mpaka na wake zake.

Katikati ya hayo watu wa Mwambakuu walilivamia ghala la pembe la Sendeni kwenye mlango wa mto, wakawaua walinzi sita. Fumo Aziri akaapa kulipiza kabla bahari haijafungwa. Vyombo kumi na kimoja vingetoka siku ya mia mbili hamsini na mbili. Vyote vilikuwa mitepe, vyombo vile vya mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, vyenye matanga ya mkeka. Vingefika Mwambakuu kwa siku moja, vipige, vichome, na kurudi siku tatu kabla ya kamba ya Lango kuvutwa. Mkuu wa manahodha alikuwa Mshamu wa Kae.

Huyo Mshamu alikuwa mdogo wake Lali. Ndui iliwachukua wazazi wao Mshamu akiwa bado ananyonya, na Lali ndiye aliyemlisha uji, akamfundisha kuogelea, akamtafutia mke. Lali hakuwa na mtoto. Alikuwa na Mshamu, jitu nene lenye kucheka kwa sauti, na hakuna mwingine duniani aliyempenda hivyo.

Siku moja kabla ya safari mfalme aliita baraza. Alikaa kwenye kiti cha mpingo kilichonakshiwa kwa pembe, manahodha wamejipanga mbele yake na majambia viunoni.

"Lali wa Kae," alisema, "hesabu yetu ni sahihi?"

"Bwana wangu, ziko zile siku kumi..."



"Siku zipi?" Fumo Aziri aliuliza polepole. "Za baba yangu? Unataka kuniambia zilikuwa siku kama siku zote? Kwamba jua lilichomoza na mimi nikala na kulala, na baba yangu yuko ardhini?"

"La, bwana wangu."

"Basi hesabu ni sahihi?"

Lali aliwaona manahodha wakimtazama, na Mshamu miongoni mwao. Aliziona shingo zao zote na akaihisi yake tu.

"Ni sahihi."

Mfalme alifurahi, akaamuru avikwe kilemba cha hariri papo hapo. Wengine huvikwa kilemba cha ukoka. Yeye alivikwa cha hariri kabisa, na kilimwelemea kuliko mzigo wa chumvi.

Alasiri alimkuta Mshamu ufuoni, watu wake wakipakia mtama, mitungi ya maji, ngao za ngozi ya kifaru na podo za mishale. Lali alimvuta kando.

"Mshamu, naogopa hesabu iko nyuma. Siku kumi."

Mshamu aliacha kucheka. "Unaogopa, au unajua?"

Neno moja tu lilitakiwa hapo, tena kwa ndugu yake wa tumbo moja. Lali alijibu, "Naogopa."

"Kaka, nikigoma peke yangu kwa neno la kunong'onezwa, wataniita mwoga. Chombo changu atapewa mtu mwingine, na watu wangu sitini watakwenda naye." Mshamu alifikiri. "Lakini kesho siku utaiita wewe. Keti na ubao wako, hesabu upya tangu Siku ya Mwaka. Ukiita mia mbili sitini na mbili, sing'oi nanga, na hawa wengine watanifuata mimi hata mfalme apasuke. Ukiita mia mbili hamsini na mbili, nitajua umehesabu, na hofu ilikuwa hofu tu."

"Watanikata kichwa."

"Huenda. Sikufichi." Mshamu aliweka mkono wake mzito begani kwa kaka yake. "Nitakuwa mbele yako na upanga wangu, kama utafaa kitu. Lakini wewe sema kweli. Tangu nizaliwe hujanidanganya siku."

Alfajiri ilikuta bahari shwari. Umande, ule upepo mwanana wa bara unaovitoa vyombo asubuhi, ulipuliza polepole, na maji yalianza kupwa kuelekea nje kama manahodha walivyotaka. Kitu kimoja tu hakikuwa sawa. Mawimbi mapana yalikuwa yakiingia kutoka kusini, moja moja, bila upepo wowote wa kuyasukuma, yakaviinua vyombo vyote pamoja na kuvishusha pamoja. Mji mzima ulikuwa ufuoni. Mfalme alisimama chini ya mwavuli wake, na wapiga siwa, zile pembe kubwa za kifalme, walikuwa tayari.

Lali alipanda ukuta. Alikuwa amelala na uamuzi wake, na uamuzi wenyewe ulikuwa huu: marehemu aseme. Alimwomba Mungu kwamba leo, leo tu, sauti ile isikiwe na watu wote. Nani angemkata kichwa mfalme aliyekwisha kufa? Mwana angemsikia babake akitaja siku ya kweli, safari ingevunjika, na Lali angeshuka ukutani na shingo yake. Huyo ndiye Lali. Alitaka kweli isemwe, ila si kwa kinywa chake.

Lakini marehemu alikuwa hasemi mpaka yeye aseme kwanza. Basi akavuta pumzi.

"Siku ya mia mbili hamsini na mbili!"

Akasubiri. Maji yalipiga mbavu za vyombo. Akasubiri tena, akisikilizia hata kikohozi. Asubuhi hiyo, kati ya asubuhi zote, Fumo Sadiki alinyamaza.

Kwenye tezi, upande wa nyuma wa chombo cha kwanza, Mshamu aliinua mikono yote miwili juu, akicheka kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ahsante, kaka!" aliita. Kisha akawageukia watu wake. "Ng'oeni!"

Bado palikuwa na nafasi. Nanga za mawe hupanda polepole, na matanga ya mkeka ni mazito. Lali angeweza kusema mara kumi. Alisimama. Chombo cha tatu kilipokuwa kikipita Lango ndipo alipopiga kelele jina la ndugu yake, na siwa zikaimeza sauti yake, na watu wa karibu wakadhani anamuaga.

Kusi ilikuja kabla ya adhuhuri. Kwanza umande ulikatika ghafla, hewa ikawa nzito. Kisha upande wa kusini bahari ikageuka nyeusi, na weusi ule ukaja mbio. Kutoka ukutani waliviona vyombo vikigeuza, vyote kumi na kimoja, vikirudi kuelekea Lango. Lakini maji yalikuwa bado yakitoka kwa nguvu, na upepo ulikuwa ukiingia, na hivyo viwili vilipokutana katika upenyo ule mwembamba bahari ilisimama wima. Chombo kilichoshonwa hakivunjiki kwa kishindo. Hufumuka. Kamba moja hukatika, kisha ya pili, na mbao zikaachana, na watu wakabaki majini na ngao zao. Wanawake ufuoni waliwatambua waume zao kwa rangi za vilemba.

Cha mwisho kufumuka kilikuwa cha Mshamu, kwa sababu alikuwa amengoja wengine watangulie. Hakuonekana tena. Katika watu mia sita bahari iliwarudisha tisa wakiwa hai.

Fumo Aziri alikuwa ukutani tangu bahari ilipogeuka nyeusi. Mwavuli ulikwisha kuchukuliwa na upepo. Hakumtazama Lali alipomsemesha.

"Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya mia mbili sitini na mbili," Lali alisema.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza mbele ya watu, bwana wangu. Na ulikuwa unalia."

Walinzi waliishika mikuki yao wakingoja ishara. Lali naye alikuwa akiingoja, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakuogopa. Aliinamisha shingo. Mfalme aliitazama shingo ile.

"La," alisema. "Siku nilizifuta mimi, na wewe ukaniachia. Utaendelea kuziita."

Vitabu vya Mwambakuu vinasema kwamba Mungu aliwapigania siku ya mia mbili sitini na mbili. Vitabu vya Sendeni vinasema ilikuwa siku ya mia mbili hamsini na mbili, na kwamba kusi iliwahishwa kwa uchawi. Wenye elimu wamekwisha kugombana sana juu ya tofauti hiyo, na wengine hawasalimiani hadi leo. Lali wa Kae hatajwi katika kitabu chochote, wala siku zile kumi.

Alfajiri iliyofuata alikisogeza kijiti matundu kumi na moja. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa upande. Alipanda ukuta akiwa na kanzu yake ya jana, akashika jiwe asipeperushwe, akaita kwa sauti yake yote kwamba leo ni siku ya mia mbili sitini na tatu, na bahari imefungwa. Alikuwa sahihi. Chini yake bandari ilikuwa tupu, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.