Majina ya Saa Sita

"Kware, Kware, hapa Kituo. Sauti iko hewani. Ova."

Cleopa Lugome hakujibu. Alikuwa ameshaisikia.

Alikanyaga mafuta. Peugeot 504 ikaruka reli ya Kimamba, ikatua upande wa pili kwa kishindo, vumbi likafunika kioo cha nyuma. Kwenye kiti cha pembeni kilikaa kisanduku cha kijivu chenye mshale wa kutafutia mitambo ya redio. Mshale ulitetemeka, ukalala kushoto, kuelekea kwenye mashamba ya mkonge.

Redioni mwanamke alikuwa akitaja majina.

"Lea Mgunda wa Msowero. Stefano Chibwe wa Kilangali. Mtoto wa Bibiana wa Kimamba, alikuwa hajapewa jina."

Alisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayeita watu wake waje kula.

Cleopa akakata kona kuufuata mshale.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nane, na kipindupindu kilikuwa kimeikamata wilaya nzima. Serikali ilifunga. Ilifunga minada, ikafunga vilabu vya pombe, ikafunga matanga. Hakuna kutoka kijiji hiki kwenda kile bila kadi ya sindano, na sindano zenyewe zilikuwa zimekwisha. Wafugaji wa Msowero walimwaga maziwa mtoni. Mahindi yalibunguliwa ghalani huku mji ukilala na njaa. Aliyekufa alizikwa na watu wa afya kwa chokaa, ndugu zake wakizuiwa kwa mbali, na wengi hawakuambiwa hata ni wapi.

Wakati huohuo Kamati ya Dharura ilikuwa ikitembelea Land Rover mpya. Ilifanya semina Morogoro, ikarudi, ikafanya nyingine. Wajumbe walilipana posho. Kambi ya karantini nje ya Kilosa haikuwa na maji ya dripu.

Watu waliyajua hayo yote, wakayasema kwa kunong'ona. Kisha ikatokea Sauti. Kila siku saa sita mchana ilieleza Kamati imetumia nini na imekosa kununua nini, halafu ikataja waliokufa. Wilaya nzima iliacha majembe ikasogelea redio.

Mzee Lupakisyo, mkuu wa Cleopa katika usalama wa taifa kule Dar es Salaam, hakuwa na shaka. Alisema mtambo wa namna ile hauuzwi duka lolote la Kilosa. Lazima ni mkono wa walowezi wa kusini, wanaotaka kuivuruga nchi inayowahifadhi wapigania uhuru. Alimpa Cleopa gari, kisanduku na bastola aina ya Walther PPK, akamwagiza alete mtambo pamoja na mwenye sauti.

Mzee hakujua kwamba juma moja kabla, Sauti ilikuwa imetaja jina la Yunis Lugome wa Mamboya.

Dada yake Cleopa. Wa pekee.

Alishuka milimani kuuza maharage Kilosa, barabara ikafungwa nyuma yake. Habari zilimfikia Cleopa maziko yakiwa yamekwisha, na kila ofisi aliyouliza kaburi lilipo ilimwelekeza ofisi nyingine. Tangu hapo alikuwa akinusa chokaa. Aliinusa kwenye shati lililotoka kufuliwa. Aliinusa kwenye chai.

Mshale ukasimama wima.

Mbele yake palikuwa na bohari kuukuu la mkonge, paa limeliwa na kutu. Waya mwembamba ulipanda kutoka dirishani hadi juu ya mnazi. Cleopa alizima injini, akatoa bastola, akasukuma mlango kwa bega.

Mwanamke aliyevaa sare ya unesi alikaa juu ya robota la mkonge, kipaza sauti mkononi. Aliiona bastola. Hakushtuka. Aliinua kidole kimoja kumwomba asubiri, akaendelea kutaja majina.

Cleopa akasubiri. Hata yeye hakuelewa kwa nini.

"Kumbukeni, leo saa kumi," mwanamke akamalizia, "tukutane Mikumi, penye kizuizi cha Kamati. Njooni mikono mitupu. Tunaomba jambo moja tu, tuonyeshwe walipolazwa watu wetu."

Akabonyeza swichi.

"Umekuja kunikamata, ndugu."

"Ndiyo. Nani amekupa mtambo huu?"

Hakuficha kitu. Aliitwa Generoza, nesi wa zamu ya usiku kambini. Mtambo alipewa na Daktari Pell, Mzungu wa Mikumi anayechunguza tembo, aliyefika kambini na sabuni akamkuta analia nyuma ya hema. Pell hakutaka malipo. Alimwambia aseme ukweli tu, na kila alilosema lilikuwa kweli. Siku ya kukutana Mikumi pia aliipendekeza yeye. Na kwa kesho alimwachia kaseti, akamwomba aipige hewani bila kuisikiliza kwanza, kwa kuwa ni salamu za marafiki wa ng'ambo.

"Iko wapi?"

Akampa. Cleopa aliitumbukiza kwenye kinasa cha Philips, akabonyeza.

Sauti ya mwanamume, nzito, yenye Kiswahili safi cha mtangazaji.

"Ndugu wananchi, jana jioni pale Mikumi, Serikali imewalipua kwa bomu watu wake yenyewe waliokuja kuuliza makaburi. Waliokufa hawahesabiki. Shikeni mapanga—"

Cleopa akaizima.

Generoza alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili. Alipoitoa, sauti ilikuwa imebaki ndogo.

"Jana ya kesho ni leo."

"Ni leo," Cleopa akasema.

Aliona mpango wote. Jioni ile malori ya vifaa vya wapigania uhuru yalikuwa yapite Mikumi kwenda kusini. Yangekwama kizuizini katikati ya umati. Mlipuko mmoja ungeyateketeza malori na watu, na asubuhi yake nchi ingejichinja yenyewe.

"Ingia garini," akasema. "Wewe sauti yako wanaijua. Mimi hawanijui."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Lugome."

Generoza akasimama mlangoni. "Wa Mamboya?"

Cleopa akageuka kumtazama.

"Nilikuwa naye," Generoza akasema. "Dripu haikuwepo. Nilimpa maji kwa kijiko mpaka alfajiri. Aliniuliza kama kaka yake amefika. Nikamwambia amefika, yuko nje anaegesha gari. Akasema basi na aingie, nisimfungie mlango." Akatazama chini. "Nilimdanganya, kaka yangu. Sikuwa na kingine cha kumpa."

Cleopa akairudisha bastola kwenye mkoba wake, akamfungulia mlango wa gari.

Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi ilikuwa mawe na mashimo. Aliipiga kama lami. Pembeni walipita watu wakitembea kwa makundi, wazee kwa vijana, kimyakimya, wote wakielekea upande mmoja. Katika kila kundi aliona mwanamke mwenye mabega ya Yunis. Kila alipompita alitazama kwenye kioo, na kila mara alikuwa mtu mwingine.

Akainua simu ya upepo.

"Kituo, hapa Kware. Yazuie malori. Mikumi pana bomu. Ova."

"Malori yameshaondoka Morogoro. Natuma kikosi cha kutuliza ghasia kiutawanye huo umati. Ova."

"Hapana, Mzee. Watu ni wengi na wana uchungu. Risasi moja tu, tutakuwa tumemaliza kazi ya adui. Zuia malori mbugani, mengine niachie. Ova."

Redio ikakoroma.

"Ukikosea, Cleopa, sikujui."

"Sawa, Mzee."

Mikumi ilikuwa imejaa. Umati ulikuwa umefunika barabara kuu kutoka kizuizini mpaka penye mahema ya Kamati, mahema mapya ambayo hayakuwahi kulaza mgonjwa. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Walisimama tu, wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanaume kofia mikononi, na mgambo wachache waliwaelekezea bunduki zinazotetemeka. Mkuu wa mgambo, Mzee Timotheo, alikuwa akiwasihi vijana wake wasiguse vifyatulio.

Pembeni ya kizuizi, ubavuni kabisa mwa watu, ilisimama Land Rover ya kijani yenye picha ya tembo mlangoni.

Haikuwa na mtu ndani.

"Shikamoo, Mzee." Cleopa alimwonyesha Timotheo kitambulisho kwa siri.

"Marahaba."

"Gari lile lina bomu. Usimwambie mtu, watakanyagana. Huyu dada atasema nao. Vijana wako washushe bunduki."

Timotheo alimtazama, akalitazama gari, akawageukia vijana wake. Bunduki zikashuka.

Generoza alipanda juu ya pipa.

"Ndugu zangu," akasema.

Hakuhitaji kusema zaidi. Sauti ile ilipita juu ya vichwa kama upepo juu ya mpunga, na vichwa vyote vikageuka. Mwanamke mmoja akaanza kulia pasipo sauti.

"Ni mimi. Nimekuwa nikiwatajia majina bila kuwaonyesha uso. Leo nauonyesha. Nawaomba mnifuate, turudi nyuma kwenye njia ya Kilosa, taratibu, mzee na mgonjwa mbele. Msiniulize sababu. Mliniamini wakati hamnijui."

Akashuka, akaanza kutembea.

Umati ukamfuata.

Cleopa alikuwa ameshafungua kisanduku cha kijivu. Anayetaka kulipua gari kwa mbali lazima awe na mtambo unaosema nalo, na mtambo ukisema, mshale utasikia. Alizungusha kitufe. Kimya. Akazungusha tena.

Mshale ukaruka.

Kilima. Nyuma ya kituo cha mafuta.

Alikimbia. Alipita mapipa ya dizeli, akaruka mtaro, akapanda kwa magoti kati ya miiba, akitweta. Nyuma yake aliwasikia watu wakitembea, maelfu ya nyayo juu ya lami. Bado walikuwa karibu mno na gari.

Daktari Pell alikuwa amepiga goti juu ya jiwe, antena ya kufuatilia tembo mkononi, kisanduku cheusi mapajani. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye nywele za mvi zilizochanwa vizuri. Aligeuka akatabasamu.

"Hodari," akasema kwa Kiswahili kizuri. "Lakini malori hayajaja, na watu wanaondoka. Nitapata wachache tu."

"Weka chini."

"Niambie ndugu, kuna lolote katika yaliyosemwa hewani ambalo lilikuwa uongo?"

"Hakuna."

"Basi serikali yako—"

"Serikali yetu tutaiuliza wenyewe," Cleopa akasema. "Wewe weka chini."

Kidole gumba cha Pell kikaenda kwenye kitufe.

Walther ililia mara moja. Kisanduku kiliruka mapajani mwake, kikabingirika kwenye majani kimepasuka. Pell akapeleka mkono mwingine kiunoni. Walther ikalia tena, na Pell akaketi chini ameshika bega, akilitazama kwa mshangao kama la mtu mwingine.

Cleopa aliokota kisanduku, akang'oa betri, akazitia mfukoni. Bila betri kilikuwa kopo tu.

Alipomshusha Pell kilimani akiwa amefungwa mkanda mikononi, wanajeshi wa kusindikiza malori walikuwa wameshafika na mafundi wao wameizunguka Land Rover. Kapteni kijana aliwafuata watu njiani, akauliza ni nani aliyepanda juu ya pipa. Alimuuliza mzee mmoja, akamuuliza mama mmoja, akauliza kundi zima. Wote walimtazama kwa adabu. Hakuna aliyekuwa ameona mtu. Miongoni mwa vikongwe walioketi kandokando ya barabara kulikuwa na mmoja aliyejifunika kanga mpaka puani, na viatu vyeupe vya nesi vikichungulia chini.

Kisha akafika Ndugu Oswald, mwenyekiti wa Kamati ya Dharura, ndani ya Land Rover inayong'aa. Alitaka kujua mkusanyiko huu una kibali cha nani.

Cleopa alimwonyesha kitambulisho, akanyoosha kiganja.

"Ufunguo, ndugu mwenyekiti. Na wa magari mengine."

"Hii ni mali ya Kamati."

"Naam. Leo itafanya kazi."

Oswald akaangalia kitambulisho mara ya pili, kisha akatoa funguo, na alipoulizwa walipozikwa watu akataja shimo la kambi ya karantini. Cleopa alimkabidhi Mzee Timotheo, akamwambia wapakie wazee kwanza, wawapeleke penye shimo la kambi, na wasiojiweza wapelekwe mpaka pembeni kabisa wakapaone. Timotheo akavua kofia, akaivaa tena, akaenda.

Simu ya upepo ilikuwa ikiita.

"Kware, nipe hali. Ova."

"Bomu limezimwa. Mzungu mmoja, hai, bega limeharibika. Mtambo uko bohari la mkonge, Kimamba. Ova."

"Na mwenye sauti?"

Cleopa alitazama barabara.

"Sikumkuta, Mzee."

Mzee Lupakisyo alikuwa amefanya kazi hii kabla Cleopa hajazaliwa.

"Watu wote hao hapo, hakuna aliyemwona?"

"Kapteni amewauliza mwenyewe."

"Wametawanyika?"

"Hapana. Wanakwenda kuwaona watu wao. Mimi pia nina mtu pale."

Redio ilikoroma, ikatulia, na Mzee Lupakisyo akasema pole. Neno hilo hakuwahi kulitumia kazini.

Cleopa akazima. Alipangusa vumbi kwenye suruali, akawasha Sportsman, akatembea bila haraka mpaka kwenye Peugeot. Bibi watatu walikuwa wamebanana kiti cha nyuma na fimbo zao, na mbele alikaa yule aliyejifunika kanga. Aliwaamkia, wakaitikia. Akaitupa sigara ambayo hajaivuta, akaingia, akatia gia ya kwanza, akashika njia ya Kilosa polepole, akilikwepa kila shimo, ili wasirushwe.